Nilimficha Kamikazi Msiba Juu ya Ukuta wa China

Sehemu ya tano

Mara ya mwisho niliwaacha ndani ya basi dogo, wanawake watatu tukitoka Beijing asubuhi ya Jumamosi kwenda kuuona Ukuta Mkuu, mimi nikiwa na simu sikioni na mdomo wazi.

Kwa waliokosa, nasema kwa kifupi. Mimi ni Epifania, mama Keti, naishi Westerville, kaskazini mwa Columbus. Kamikazi yuko Louisville, South End, anapanga maboksi kwenye ghala. Delfina yuko Lackawanna, jirani na Buffalo, ana duka la vitenge na nywele za bandia. Miaka kumi na moja iliyopita tulilala chumba kimoja Columbus, tukafanya kazi nyumba moja ya kulelea wazee. Tulipotawanyika tuliahidiana mambo mawili: kila Jumamosi tupigiane simu sisi watatu, na siku moja twende mahali ambapo hakuna mtu wa kutuita mama, wala anti, wala nesi.

Delfina alikuwa anakwenda Guangzhou kufuata mzigo wa duka. Tukamfuata. Wikiendi ya kwanza tutembee Beijing, kisha siku nane za kubeba marobota. Mume wangu Tarcisius aligoma, sanduku langu likapotea siku nzima, Kamikazi akanusurika kurudishwa uwanja wa ndege. Hayo mmeshayasoma, mkacheka. Cheko liishie hapo.

Kati yetu watatu mimi peke yangu nililipia intaneti ya simu kutoka Marekani. Wenzangu walisema watatumia ya hoteli, na ya hoteli WhatsApp haifungui. Ndiyo maana sauti ya Semahoro, kaka yake Kamikazi aliye Louisville na mama yao, iliingia kwangu.

"Dada Epifania, kama Kamikazi iko karibu, jitenge kwanza. Bon. Mama ametuacha. Leo jioni, ku kiti yake, alikuwa anakunywa maziwa. Dada, nakuomba kwa jina ya Mungu, usimwambie. Mutu haambiwake maneno kama iyi mu njia. Anaambiwaka akikala chini, batu bake bakimuzunguka. Umulete tu. Siye benyewe tutamwambia. Tunazika mardi, saa ine asubui."

Mardi ni Jumanne. Tikiti zetu za kurudi zilikuwa za Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Kamikazi alikuwa kiti cha mbele yangu, amevaa kofia nyekundu aliyoinunua hotelini, anamenya yai.

"Ni nani iyo?"

"Kazini."

"Bakuache! Weye iko congé, iko likizo. Waambie Epifania amekufa, batamuona akifufuka."

Akanipa nusu ya yai. Nikalila.

Sasa mnielewe. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Nina diploma ya ustawi wa jamii, na pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi wakitaka familia iambiwe kwamba mzee wao hamalizi wiki, wananiita mimi. Ninaingia, nafunga mlango, nasema. Watu wanalia, nawapa karatasi za kujifutia, natoka. Siku zote nimejisifu kwamba sijawahi kumficha mtu msiba wake.

Lakini nilikumbuka ya miaka miwili iliyopita. Kaka mkubwa wa Kamikazi aliuawa kule kwao, milima ya Kivu ya Kusini. Binamu mmoja mwenye kiherehere akampigia Kamikazi simu akiwa kazini. Kamikazi alidondoka katikati ya maboksi, presha ikapanda, akalala hospitali siku sita na upande mmoja wa uso haukusogea. Daktari alisema ikitokea tena kama ile hataamka.

Kwa hiyo niliandika: "Sitamwambia. Nitamleta. Naapa."

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

*

Tulipanda na kebo, kibanda cha kuning'inia kwenye waya. Kamikazi alifumba macho njia nzima akiimba wimbo wa kanisani. Tulipofika juu akafumbua. Ukuta ulikuwa unapita mgongoni mwa milima hadi macho yanapokoma.

"Eh, mama yangu," akasema. "Banadamu banachoka bule."

Kila baada ya hatua kumi familia ya Kichina ilitaka kupiga picha naye. Yeye ni mrefu, mweusi wa kung'aa, ana kofia nyekundu. Akawa anawapangilia kama mpiga picha wa harusi: mtoto hapa, bibi huku, wewe baba kunja tumbo. Mimi namtazama shingo, namtazama midomo, nahesabu anavyohema. Aliyelea wazee haachi kazi.

"Mama Keti, unaniangaliaka nini hivi? Unataka kunioa?"

"Polepole na ngazi."

"Ngazi! Nimekulia ku milima, weye umekulia ku migomba."

Delfina nilimkamata kwenye foleni ya choo. Nikamwambia kwa maneno manne. Delfina ni mtu wa Kigoma, mcheshi, mdomo haufungi. Siku hiyo uliziba. Machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya Wachina.

"Acha," nikasema. "Atatuona."

"Yule bibi alinisuka nywele, Epi. Alinisuka siku ya harusi yangu."

"Najua. Vaa miwani."

"Unamwambia lini?"

"Simwambii. Nimeapa."

"Afadhali. Aambiwe kwao."

"Mimi kwa kawaida yangu ningemwambia sasa hivi."

"Kwa kawaida yako! Juu ya mlima? Adondoke hapa, nani atamshusha, wewe na diploma yako?"

Ndilo lile lile nililokuwa najiambia.

Delfina akavaa miwani nyeusi, na hakuivua tena siku nzima.

Tulipotoka, Kamikazi alikuwa amekaa kwenye tundu la ukuta ambamo zamani askari walikuwa wanachungulia. Akanipa ishara.

"Leta simu yako, yenyewe iko na réseau, mtandao. Unipige video ya mama."

Nikasema simu haina chaji. Akaichukua mwenyewe mfukoni mwangu, akaiona ina chaji nusu, akanirudishia. Nikainua, nikabonyeza.

"Mama, habari! Angalia! Milima ni kama ya kwetu kabisa, unaona? Lakini hakuna ng'ombe hata moja, mama! Nimetafuta. Milima yote hii, majani yote hii, ng'ombe sufuri! Hawa batu bako na akili kweli? Mama, nikirudi nakuletea chai. Ruta akuwekee video iyi mara tatu. Bon. Nakupenda, mama."

Akasimama nyuma yangu, kidevu begani kwangu, kuhakikisha naituma. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilitafuta jina la mama yake, nikatuma. Nilimtumia marehemu video, mwanaye akinipumulia shingoni.

Tiki moja. Tiki mbili.

Halafu zikawa za buluu.

"Ameiona!" Kamikazi akapiga makofi. "Saa ine ya usiku kule, na mama hajalala! Umeona? Ananingojaka."

Delfina akageuka akatazama Mongolia.

"Sasa atajibu," Kamikazi akasema. "Mama anajibuka palepale. Ata akipiga chafya anatuma sauti."

Tukangoja. Mimi nikiwa nimeishika ile simu kama bomu. Dakika tano. Kumi. Ikaingia meseji, lakini si ya mama. Ilikuwa ya Semahoro. Nikajifanya nafuta kioo.

"Dada, simu ya mama ilikuwa mu mukono ya Ruta. Ameifungua mbele ya batu yote. Hapa ndani ni kilio. Tafazali leta dada yangu."

Ruta ni mwanawe Kamikazi, ana miaka kumi na saba.

"Amejibu?" Kamikazi akauliza.

"Amelala," nikasema. "Labda kaiona, akalala."

Akanitazama kidogo. Kidogo tu. Halafu familia nyingine ikaja kutaka picha.

*

Nilitumia saa nzima nimesimama kwenye kona ya mnara nikibishana na shirika la ndege. Nafasi tatu zilikuwepo za usiku ule, kupitia Chicago. Baada ya hapo hakuna hadi Jumanne, na ukiondoka Beijing Jumanne unafika Louisville watu wameshazika na kunawa mikono. Nikachukua zile za usiku. Sikuuliza mtu.

Sasa nilibakiza kitu kimoja: sababu.

Tulikaa kwenye mgahawa chini ya mlima. Tambi, nyama ya kondoo, uyoga. Kamikazi alikuwa anapigana na vijiti, anacheka mwenyewe.

"Jamani," nikasema. "Tunarudi leo."

"Hoteli? Mapema hivi?"

"Marekani."

Vijiti vikasimama hewani.

"Kazini wamenihitaji," nikasema.

"Kazi?" Akacheka. "Kazi gani? Weye ulisema ata bakichoma ile nyumba usipigiwe simu. Wende weye, mama Keti. Mi na Delfina tunabaki. Miaka kumi na moja nangoja iyi wikiendi! Kesho ni ile nyumba ya wafalme. Nimenunua robe, gauni ya kuvaa."

"Kamikazi, twende wote."

"Juu ya nini? Unipe sababu."

Nikamtazama Delfina. Delfina alikuwa anatazama uyoga wake kupitia miwani nyeusi. Hana msaada.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na hadi leo sijui nani alizungumza.

"Keti amepata ajali."

Kamikazi aliweka vijiti mezani.

"Amegongwa na gari. Yuko hospitali, hajitambui."

Kijiti cha Delfina kikaanguka. Nikajua amenielewa, na nikajua pia kwamba ameniogopa.

Kamikazi hakuuliza swali hata moja. Alisimama, akazunguka meza, akanikumbatia kichwa changu tumboni mwake mbele ya mgahawa mzima. Alikuwa ananuka jasho na sabuni ya hoteli.

"Juu ya nini ulibeba peke yako tangu asubui? Mi nikicheka kama mujinga! Nikikusumbua na video! Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe."

Ananiomba msamaha. Mimi.

Akapiga magoti kwenye sakafu ya vigae, kati ya meza yetu na ya familia yenye watoto wawili, akaomba kwa sauti. Alimtaja Keti kwa jina lake la ubatizo, Catherine, akataja mifupa yake, damu yake, kichwa chake. Wenye mgahawa walizima redio. Alipoinuka akasukuma sahani yake mbali.

"Sili. Mupaka mutoto aamke, sitaweka kitu mu kinywa."

"Kamikazi, una dawa. Ile ya jioni unameza na chakula."

"Sili, nimesema."

Hamkuniambia, wasomaji, kwamba uongo una watoto. Nilitunga mmoja ili nimwokoe na presha, na wenyewe ukamnyang'anya dawa.

*

Kamikazi alitaka kuzungumza na Tarcisius. Nikamwambia mtandao mbovu. Tulipofika hotelini nikajifungia bafuni, nikampigia. Mume wangu alikuwa shifti ya usiku, kwenye mapumziko.

"Baba Keti, sikiliza, usikasirike. Nimemwambia Kamikazi kwamba Keti amegongwa na gari."

"Umemwambia nini?"

Nikamweleza yote. Mama wa Kamikazi, kiapo, ndege. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Epifania. Umemuua mwanangu kwa mdomo wako?"

"Sijasema amekufa. Nimesema hajitambui."

"Ahaa. Umemwachia pumzi. Asante sana."

"Tarcisius, akikupigia, mwambie tu hali ni ileile."

"Mimi siigizi. Hayo maneno yafute. Kwetu hatumwombei mtoto ajali. Ulikuwa na mama, baba, shangazi, wajomba saba wa Bukoba, wengine tayari marehemu. Ukamchagua Keti?"

"Ndilo lililokuja."

"Basi na likurudie wewe."

Akakata. Nilikaa ukingoni mwa beseni. Alikuwa na haki. Kwa nini sikumsema mama yangu, mzee wa miaka themanini na moja ambaye kila mwezi huwa anaumwa? Nimejiuliza sana. Jibu ni kwamba nilijua Kamikazi asingeacha wikiendi yake kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Kule Columbus Kamikazi ndiye aliyekuwa anamlaza Keti kifuani nikiwa zamu ya usiku. Nilichagua kamba nene kuliko zote.

Nilipotoka bafuni, nilikuta Kamikazi ameshapanga sanduku langu. La kwake hakuwa amegusa. Ile robe nyekundu aliyoinunua kwa ajili ya nyumba ya wafalme alikuwa ameifungia ndani ya kanga, ameiweka kwenye begi langu.

"Ya Keti," akasema. "Akitoka hospitali avae."

*

Uwanja wa ndege, saa moja jioni. Bado saa moja na nusu tupande.

Kamikazi hakuwa amekula tangu yai la asubuhi. Midomo imekauka. Anatembea mbele yetu na masanduku mawili, anauliza njia kwa Kiswahili, Kifaransa na mikono. Delfina nyuma, na miwani, anajikwaa.

"Epi, mwambie," Delfina akaninong'oneza.

"Asubuhi ulisema nisimwambie."

"Asubuhi alikuwa anacheka. Sasa anakulilia mtoto mzima. Mimi siwezi. Nitapiga kelele."

"Akidondoka hapa hawampandishi. Shirika la ndege halibebi mgonjwa. Asipopanda leo, wanamzika mama yake bila yeye. Unalitaka hilo?"

"Na akijua baadaye?"

"Akijua baadaye atakuwa nyumbani."

"Atakuwa nyumbani bila sisi," Delfina akasema. "Hatatusemesha tena, wewe hulijui hilo?"

Nililijua.

Kwenye dawati tulipewa pasi za kupandia. Kamikazi akaisoma ya kwake, akarudia. Kisha akachukua ya kwangu.

"Mama Keti. Mbona imeandika Louisville?"

"Ndizo zilizokuwepo."

"Mutoto iko hospitali Columbus."

"Tutachukua gari. Ruta atatuendesha, ni saa tatu na nusu tu."

"Weye mama, mutoto hajitambui, unazunguka Louisville?" Hakuwa na ukali. Alikuwa anahesabu. "Ile ndege ya Chicago, haiendake Columbus?"

"Imejaa."

"Bon," akasema. Akanirudishia pasi.

Bon ile, haya yao ya Kifaransa, niliisikia vibaya.

Tukafika penye ukaguzi. Vua viatu, vua mkanda, toa kompyuta, weka simu kwenye trei. Simu yangu ilikuwa haijanitoka mwilini tangu asubuhi. Hata chooni niliingia nayo. Nikaiweka kwenye trei. Kamikazi alitangulia kupita. Mimi nikasimamishwa, mwanamke mwenye glavu akaanza kunipapasa mabega. Na ng'ambo ya mashine, ndani ya trei ya plastiki, simu ikaanza kulia.

Picha ya Keti ikajaa kioo kizima.

Kamikazi alikuwa ameshaishika kabla sijasema neno.

"Ni hospitali!" akapaza sauti. "Banapiga na simu ya mutoto!"

Akabonyeza.

Nikiwa nimenyoosha mikono kama msalaba, nikamwona binti yangu ndani ya mkono wa Kamikazi. Ana taulo kichwani. Anakula nafaka ya asubuhi. Akasema akichanganya na Kiingereza, kama kawaida yake:

"Mom, baba anasema umewaambia watu nimegongwa na gari? Uko serious? Oh. Hai, anti Kamikazi."

Kamikazi aliisogeza simu karibu na macho. Alimtazama. Alimtazama kichwa, shingo, mikono, kijiko. Akagusa kioo kwa kidole.

"Unaamka, mutoto wangu?"

"Ndiyo, anti. Nimeamka. Mnaendeleaje? Anti, pole sana kwa..."

Delfina alitoka mbio bila viatu akaipokonya ile simu, akaikata. Nilikuwa bado napapaswa.

*

Nilipowafikia walikuwa wamesimama kando ya viti vya geti. Kamikazi amenyooka. Delfina ana viatu vyake mkononi.

"Mutoto iko salama," Kamikazi akasema.

"Ndiyo."

"Mungu asifiwe." Alikuwa anamaanisha. Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, akabana. "Ameniambia pole. Pole ya nini?"

Nikatazama geti.

"Ticket inaenda Louisville. Delfina hajatoa miwani tangu asubui, na jua limezama. Weye, mutu ya kusema kila kitu, unanidanganya na mutoto wako wa tumbo." Akameza mate makavu. "Mi siyo mutoto, mama Keti. Mi nimewafanyia batu hivi. Nimewaambia safari imebadilika, bosi amekuita, wende nyumbani kuna karatasi ya kusaini. Nimebeba mujane toka Buffalo mupaka Louisville, saa nane mu gari, nikimuchekesha njia yote, na bwana yake ameisha kufa. Najua iyi kazi. Ninaijua kuliko weye. Weye unaifanya mubaya sana."

"Kamikazi..."

"Ni Ruta?"

Sauti yake ilipasuka kwenye jina. Macho yakawa meupe. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka, na vidole vyake vikaanza kuteleza mkononi mwangu.

Kiapo kikaisha hapo.

"Si Ruta," nikasema. "Nakuapia kwa Keti. Ruta mzima."

Akashusha pumzi ndefu, akashikilia kiti. Nikamwona anahesabu tena, polepole, jina baada ya jina. Nikaona alipofika.

"Aliona video," akasema. "Hakujibu."

Delfina akavua miwani. Macho yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyepigwa.

Geti likaanza kutangaza, kwa Kichina kwanza. Watu wakainuka na mikoba yao. Mfanyakazi mmoja wa ndege, kijana mwenye tai, akatutazama sisi watatu, akamtazama hasa Kamikazi jinsi alivyoshikilia kile kiti. Akamnong'oneza mwenzake.

Kamikazi alimwona. Nami nilimwona akimwona.

Akavua viatu. Akatoa kitenge kwenye mkoba wake, akakifunga kiunoni juu ya suruali, mafundo mawili. Kisha akakaa chini, sakafuni, miguu imenyooka mbele, mgongo umeegemea sanduku, katikati ya abiria mia mbili. Akapiga sakafu upande wa kulia kwa kiganja.

"Delfina. Kaa hapa."

Delfina akakaa.

Akapiga upande wa kushoto.

"Na weye."

"Dawa kwanza," nikasema. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua. Nikapekua mkoba wake, nikapata kile kidonge, nikapata chupa ya maji, nikatoa mkate niliouiba kwenye kifungua kinywa cha hoteli. "Keti ameamka. Funga yako imeisha. Kula."

Akala. Alitafuna mkate wote hadi mwisho, macho yake usoni pangu. Akameza kidonge. Akanywa maji. Akajifuta mdomo kwa pindo la kitenge.

Nikakaa kushoto kwake. Bega lake lilikuwa la moto.

Yule kijana mwenye tai alikuwa anakuja kwetu, redio ya mkononi mdomoni. Simu ikaanza kutetemeka mapajani mwa Delfina. Semahoro.

Kamikazi hakuitazama simu, wala kijana. Alichukua mkono wangu na mkono wa Delfina, akaiweka yote miwili mapajani mwake, akaifunika.

"Bon," akasema. "Nimekaa chini. Batu bangu bamenizunguka. Sasa mama Keti, uniambie weye, na uniambie vile unaambiaka batu ku kazi."